Kitabu cha Mafundo na Ala Iliyokikataa: Uchambuzi wa Kisa

Kazi aliyopewa mwanafunzi huyu wa usanifu, mwaka wa tatu, ilikuwa fupi kuisoma na ndefu kuitenda: abuni kitabu na kukitengeneza kwa mkono kuanzia ukurasa wa kwanza hadi jalada, kisha akitengenezee vifungashio viwili, kimoja cha kukikalisha rafuni na kingine cha kukisafirisha. Mada alijichagulia mwenyewe, akachagua mafundo ya kamba. Kitabu kingekuwa na kurasa 96 za ukubwa wa A5 na mafundo 40, kila fundo likipewa kurasa mbili zinazotazamana: kushoto maneno machache, kulia michoro ya hatua kwa hatua. Pamoja na kitabu, msomaji angekuta kamba mbili za kujifunzia, kila moja urefu wa mita 1 na unene wa milimita 4.

Nilikuwa mmoja wa wasimamizi wake. Nakiandika kisa hiki kwa sababu kilitoa makosa matatu ambayo huwapata wanafunzi wengi, na kwa kawaida kila kosa hutafutiwa dawa yake peke yake: kitabu kisichotaka kukaa wazi, majalada yanayopinda, na kifungashio kisichokipokea kitabu kilichokusudiwa. Kwa mwanafunzi huyu yote matatu yalifuatana katika kazi moja, na alipoyafuatilia hadi chini alikuta yameota katika shina moja. Karatasi alikuwa ameichora kama uso wa kuchapia. Hakuwa ameihesabu kama kitu chenye mwili, chenye unene, chenye nyuzinyuzi zinazolala upande mmoja, chenye kunywa maji na kubadilika umbo.

Kitabu cha kwanza: mshono wa pembeni

Toleo la kwanza lilikuwa zuri kwa macho. Alikata karatasi mojamoja za A5, akazipanga, akatoboa matundu manne kwa msharasi karibu na ukingo wa kushoto, akazishona kwa uzi mwekundu kwa mtindo wa Kijapani, ule ambao uzi huzunguka mgongo na kuacha mistari iliyonyooka juu ya jalada. Mshono huo ni wa heshima kubwa na una historia ndefu huko Asia Mashariki. Huko, hata hivyo, umekuwa ukishona karatasi nyepesi, laini, zinazolala zenyewe zikifunuliwa. Yeye alitumia karatasi ya gramu 120 kwa mita ya mraba.

Mshono wa pembeni hubana kila ukurasa milimita kadhaa kutoka ukingoni, kwa hiyo ukurasa haufunguki kuanzia kwenye mgongo. Hupinda kuanzia mstari wa uzi. Karatasi ikiwa ngumu, ukurasa husimama nusu na kurudi. Kwa kitabu cha picha za kutazama tu, hilo huvumilika, maana msomaji ana mkono wa kukishikilia. Kwa kitabu cha mafundo halivumiliki. Tulimwita mwanafunzi mwingine ambaye hakuwahi kukiona, tukampa kamba, tukamwomba afunge fundo la tatu. Alikibana kitabu kwa kiwiko, kisha kwa goti, mwishowe akaweka simu juu ya ukurasa ili usijifunge, na simu ikafunika hatua ya nne.

Kamba inadai mikono yote miwili. Kitabu kinachofundisha kamba hakina haki ya kudai hata kidole. Nasema hivyo kwa mkazo kwa sababu katika ukaguzi wa kazi za namna hii mazungumzo huelekea haraka kwenye herufi, rangi na nafasi tupu, na swali la kwanza husahaulika: anayekitumia atakuwa amekaaje, na mikono yake itakuwa na nini?

Mwanafunzi alikubali bila ubishi, akahamia kwenye mshono wa mnyororo, ule unaojulikana kwa jina la Wakopti wa Misri walioutumia karne za mwanzo za Ukristo. Hapa karatasi hukunjwa katikati na kupangwa katika vitita; uzi hupita ndani ya mkunjo wa kila kitita, hutoka mgongoni, na kujifunga kwenye kitanzi cha kitita kilichotangulia. Mgongo haupakwi gundi wala haufunikwi. Kitabu cha aina hii hufunguka kabisa, jalada kwa jalada, na kulala mezani.

Mmoja wa wakaguzi aliona mgongo ulio wazi ni kazi isiyomalizika na akaitilia shaka nguvu yake. Sikukubaliana naye. Injili ya Mtakatifu Cuthbert, kitabu kidogo cha mwanzoni mwa karne ya 8 kilichopo British Library, London, kimeshonwa kwa mshono wa jamii hiyohiyo, bila kamba za kuegemea mgongoni, na ndicho kitabu cha kale zaidi cha Ulaya kilichobaki na jalada lake la asili likiwa zima. Mgongo wake umefunikwa kwa ngozi, hilo ni kweli, lakini kinachoshika kurasa ni uzi.

Vitita sita

Mshono mpya ulimlazimu kupanga kurasa upya, na hapa ndipo kazi ilipoanza kuwa kitabu badala ya rundo la kurasa. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A5. Karatasi nne zikiingizana hutoa kitita cha kurasa 16. Kurasa 96 ni vitita sita. Angeweza kukunja karatasi zote 24 pamoja kama daftari, lakini kila karatasi ya ndani husukumwa nje na unene wa zile zinazoizunguka. Kwa karatasi yenye unene wa milimita 0.15, kitita cha karatasi nne husukuma ile ya ndani kabisa karibu nusu milimita, jambo ambalo jicho halilioni. Kwa karatasi 24 msukumo huo hupita milimita 3, na ukisawazisha ukingo kwa kisu, kurasa za katikati hubaki nyembamba kuliko za mwanzo na mwisho.

Kupanga kurasa za kuchapa kuna kanuni rahisi ambayo wanafunzi huiogopa bila sababu. Katika kitita cha kwanza, namba za kurasa mbili zinazochapwa pamoja upande mmoja wa karatasi hujumlishwa kuwa 17 daima: 16 na 1, 2 na 15, 14 na 3, hadi 8 na 9. Kitita cha pili, cha kurasa 17 hadi 32, jumla ni 49. Ukijua jumla ya kitita, huhitaji programu ikupangie. Unahitaji penseli na kitabu kidogo cha karatasi chakavu kilichokunjwa na kuandikwa namba.

Katika kila kitita kuna mahali pamoja tu ambapo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja isiyokatika, nayo ni katikati. Kwa kitabu hiki ni kurasa za 8 na 9, 24 na 25, 40 na 41, 56 na 57, 72 na 73, 88 na 89. Mwanafunzi alipoligundua hilo alibadilisha mpangilio wa yaliyomo. Mafundo sita magumu kuliko yote, yale yanayohitaji mchoro mpana, akayahamishia kwenye katikati hizo, kila moja likitandazwa juu ya kurasa mbili bila kuvunjwa na mgongo. Uzi wa kushonea unaonekana hapo, ukipita wima katikati ya mchoro, na yeye akauacha mwekundu, akaichora kamba ya fundo ikipita juu yake na chini yake. Kwangu hili ndilo tukio bora katika kazi nzima. Hakuna aliyemfundisha, muundo wa kitabu ulimwambia yaliyomo yake yakae wapi, naye akasikia.

Majalada yaliyopinda

Toleo la pili lilishonwa kwa uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, majalada yakiwa ya kadibodi nzito ya milimita 2. Kila jalada lilikuwa milimita 151 kwa 216, yaani lilizidi kurasa kwa milimita 3 juu, chini na upande wa mbele, kama desturi, ili kurasa zisisuguane na rafu. Aliyafunika kwa karatasi ya rangi upande wa nje kwa gundi nyeupe ya PVA iliyozimuliwa kwa maji, akayaacha usiku kucha yakauke wazi mezani, akikusudia kubandika karatasi ya ndani kesho yake.

Asubuhi majalada yote mawili yalikuwa yamejikunja kuelekea nje. Alibandika karatasi ya ndani, akayaweka chini ya uzito. Yakanyooka kiasi, yakarudi kupinda, tena safari hii yakiwa yamejipinda kwa mshazari, pembe moja juu na nyingine chini.

Kinachotokea ni hiki. Karatasi ikinywa maji ya gundi hutanuka. Ikikauka hunywea, na kwa kuwa imeshikamana na kadibodi, huivuta iifuate. Ukibandika upande mmoja tu, mvuto ni wa upande mmoja. Ndiyo maana karatasi ya ndani ya jalada si pambo: ni mvuto wa pili unaoshindana na wa kwanza. Inatakiwa ibandikwe siku hiyohiyo, jalada likiwa bado na unyevu, kisha likae chini ya uzito katikati ya karatasi zinazofyonza maji.

Lakini hilo halikueleza mshazari. Maelezo yake aliyapata mwenyewe, akiwa anachana mabaki kwa ajili ya kupangusia brashi. Alikuja na vipande viwili mkononi.

“Mwalimu, mbona karatasi hii upande huu inachanika kama rula, na upande huu inakwenda inakotaka?”

Nilimwomba akajaribu na karatasi za kitabu, kadibodi, na karatasi ya jalada, kisha aandike alichoona kwenye kila moja kwa mshale. Aliporudi, mishale ilikuwa inaelekea kila upande, na ile ya kurasa yote ilikuwa imelala kinyume na mgongo.

Nyuzinyuzi

Karatasi inayotengenezwa kwa mashine huundwa juu ya wavu unaosonga, na nyuzinyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa wavu huo. Unyuzi ukinywa maji hunenepa zaidi kuliko unavyorefuka, kwa hiyo karatasi nzima hutanuka sana kwa upana wa nyuzinyuzi na kidogo tu kwa urefu wake. Vilevile hukunjika kirahisi na kwa ukingo safi ukikunja kufuata nyuzinyuzi, na hugoma, hata kupasuka juu ya mkunjo, ukikunja kwa kuzikata. Njia za kutambua ni za zamani na hazihitaji kifaa. Pinda karatasi nusu bila kuitia mkunjo, uibonyeze kwa kiganja. Kisha igeuze na upinde upande wa pili. Unaobonyea kwa urahisi ndio unaofuata nyuzinyuzi. Au lowesha kipande kidogo upande mmoja: kitajiviringisha kuwa bomba, na urefu wa bomba ndio mwelekeo.

Katika kitabu, nyuzinyuzi za kila kitu zinatakiwa zilale sambamba na mgongo: kurasa, kadibodi, karatasi ya nje, karatasi ya ndani. Hapo ndipo kurasa hufunuka kwa ulaini, mikunjo hulala, na unyevu wa hewa ukibadilika vyote hutanuka kuelekea upande mmoja bila kugombana.

Sasa tazama tatizo la A4. Karatasi ya A4 inayouzwa kwa ajili ya mashine za ofisini mara nyingi ina nyuzinyuzi zinazofuata upande wake mrefu, wa milimita 297. Ukiikunja katikati kupata A5, mkunjo unafuata upande wa milimita 210, yaani unazikata nyuzinyuzi. Ukiikata badala ya kuikunja, matokeo ni yaleyale: mgongo wa A5 uko kinyume. Mwanafunzi alikuwa ametengeneza matoleo mawili, kwa mishono miwili tofauti, na yote mawili kwa karatasi iliyolala vibaya.

Hivyo kosa la kwanza likapata maelezo ya ziada. Mshono wa pembeni haukufaa kwa kazi hii hata kwa karatasi nzuri, lakini ule ukaidi wa kurasa kusimama kama vipande vya bati ulitokana kwa sehemu na nyuzinyuzi. Kosa la pili likaelezeka lote: kadibodi ikivuta upande wake, karatasi ya nje upande wake, ya ndani upande wake, na mshazari ukawa suluhu ya ugomvi wao.

Dawa ilikuwa hesabu ya dakika moja. Chukua A3 ambayo nyuzinyuzi zake zinafuata upande wa milimita 420. Ikate katikati ya upande huo. Unapata vipande viwili vya A4 ambavyo nyuzinyuzi zake sasa zinafuata upande mfupi wa milimita 210. Vikunje kuwa A5: mkunjo na nyuzinyuzi vimelingana. Baadhi ya watengenezaji hupigia mstari kipimo kinachofuata nyuzinyuzi kwenye lebo ya pakiti, na muuzaji anayeijua biashara yake ataulizwa na atajibu. Mwanafunzi akachapa upya kwenye A3, karatasi mbili za kitabu kwa kila A3 moja, akaacha alama za kukatia, akakata baada ya kuchapa. Kadibodi na karatasi za jalada akazigeuza.

Nimeona walimu wanaoliweka somo la nyuzinyuzi mwishoni mwa kozi, kama jambo la wataalamu. Naliona ni la siku ya kwanza, kabla ya mwanafunzi hajafungua programu yoyote, kwa sababu linaamua ukubwa wa karatasi ya kununua, na ukubwa huo unaamua ukubwa wa ukurasa, na ukurasa unaamua kila kitu kinachochorwa juu yake.

Ala

Kifungashio cha rafuni alikibuni kama ala: sanduku la kadibodi lenye pande tano na mdomo mmoja, kitabu kikiingia kwa ukingo wa mbele na mgongo kubaki ukionekana mdomoni. Kwa kitabu chenye mgongo ulioshonwa wazi, huo ni uamuzi mzuri, kwa kuwa mshono wenyewe ndio sura ya kitabu rafuni.

Ala ya kwanza aliitengeneza kwa ajili ya toleo la pili, na aliipima kwenye kompyuta. Hesabu yake ilikuwa sahihi kama hesabu: karatasi 48 za A5 mara milimita 0.15 ni 7.2, ongeza majalada mawili ya milimita 2, jumla 11.2, ongeza karatasi za kufunikia na nafasi ndogo ya kupumua, 12. Akakata, akabandika, akaifunika vizuri sana. Kitabu kikaingia bila shida hadi kikabaki upana wa vidole viwili. Hapo kikakwama. Alipokisukuma, kona ya ala ikaachia gundi. Alipotaka kukitoa, hapakuwa na pa kukishika, maana mgongo wa nyuzi si mahali pa kuvutia.

Tulipima kitabu kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Ukingo wa mbele ulikuwa milimita 12 kama alivyokokotoa. Mgongoni palikuwa na milimita 15.

Tofauti hiyo ya milimita 3 ilikuwa na vyanzo vitatu. Kwanza, uzi: kila kitita kina uzi ndani ya mkunjo wake, na vitita sita ni nyuzi sita zilizopangana mahali pamoja. Pili, katika mshono huu uzi unaoshika jalada hutokea kwenye tundu na kuzunguka ukingo wake, kwa hiyo hulala juu ya jalada, pande zote mbili za kitabu. Tatu, mikunjo iliyokata nyuzinyuzi haikukubali kulala. Kila kitita kilibaki kimevimba kidogo. Hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivyo kilichokuwepo kwenye mchoro wa kompyuta. Na majalada yaliyopinda yaliongeza msuguano hata mahali ambapo unene ulikuwa sawa.

Toleo la tatu lilishonwa kwa uzi mwembamba zaidi. Kila kitita kilipigwa kwa mfupa wa kukunjia, kifaa bapa cha kukandamizia mikunjo, vyote vikalazwa chini ya uzito usiku kucha kabla ya kutobolewa, na tena baada ya kushonwa. Mgongo ukatoka milimita 13, ukingo wa mbele 12. Milimita moja ya tofauti ni ya kawaida na haiwezi kuondolewa yote, wala haina haja. Ala mpya ikapimwa kwa kitabu chenyewe kikiwa kimekauka: nafasi ya ndani milimita 14 kwa unene, 218 kwa urefu, 152 kwa kina. Mdomoni, pande zote mbili, akakata nusu duara ya kuingiza kidole gumba na cha shahada, ili kitabu kishikwe kwa majalada na mgongo usiguswe.

Utaratibu huu unawachosha wanafunzi kwa sababu unapingana na ratiba. Wangependa kuchora kitabu, ala na katoni kwa wakati mmoja, wakabidhi michoro yote, wakate yote. Lakini kitabu cha mkono hakiwi na kipimo mpaka kikauke. Michoro ya vifungashio inaweza kuanza mapema kwa umbo na rangi; namba zake zinasubiri.

Kamba

Katika toleo la pili kamba ziliwekwa kwenye mfuko wa karatasi ndani ya jalada la nyuma. Kamba ya milimita 4 ikikunjwa mara kadhaa huwa uvimbe, na uvimbe huo ulichapa alama kwenye kurasa za mwisho. Alifikiria kuchonga chumba cha pili ndani ya ala, jambo ambalo lingeifanya iwe nene karibu mara mbili.

Suluhisho alilolipata lilinifurahisha. Aliitoa kamba nje. Mzunguko wa ala kwa upana wake ni karibu milimita 350. Kamba ya mita 1 huizunguka mara mbili na kubakiza kiasi cha sentimita 30 za kufungia. Kamba moja ikazunguka sehemu ya juu, nyingine sehemu ya chini. Kwa kuwa zinapita mbele ya mdomo wa ala, zinazuia kitabu kisitoke. Zimefungwa kwa fundo la kwanza kitabuni, lenye kitanzi kinachofunguka ukivuta ncha moja. Msomaji anapokifungua kifungashio amekwishaanza somo, na siku atakapotaka kukirudisha kitabu ndani itambidi awe amelijifunza. Kamba imeacha kuwa mzigo wa kutafutiwa mahali, imekuwa kufuli.

Gharama yake ipo. Kamba iliyokazwa hubonyeza kingo za ala, na baada ya muda karatasi ya kufunikia ingechanika hapo. Aliimarisha kingo nne zinazobeba kamba kwa vipande vya kitambaa cha kujaladia vilivyobandikwa chini ya karatasi. Tena ala haikai sawa kabisa na vitabu vingine rafuni, kwa sababu ya milimita 4 zinazochomoza kila upande. Hilo aliliacha, nami nililikubali.

Katoni

Kuhusu katoni ya kusafirishia sina mengi, kwa kuwa aliifanya baada ya kuelewa yote yaliyotangulia. Ufundi wa kukata na kutia mifuo ya mikunjo kwa pigo moja, unaohusishwa na Robert Gair wa Brooklyn mwaka 1879, ndio uliozaa katoni bapa tunazozikunja leo, na kanuni yake kuu haijabadilika: kila mkunjo unakula unene wa kadibodi. Kadibodi yenye mawimbi madogo, ya milimita 1.5 hivi, ikikunjwa kona nne bila kuongezewa kipimo hutoa sanduku dogo kuliko ulilochora. Safari hii alikata sampuli tupu kwanza, akaipima ndani, akarekebisha. Mawimbi aliyasimamisha wima, maana kadibodi hubeba uzito vizuri zaidi katoni zikipangwa moja juu ya nyingine mawimbi yakiwa yamesimama kama nguzo.

Kisha akaiangusha. Utaratibu uliozoeleka kwa vifurushi vyepesi ni mara 10 kutoka sentimita 76: pembe moja, kingo tatu zinazokutana kwenye pembe hiyo, halafu nyuso zote sita. Nyuso hazikuleta shida. Pembe ndiyo iliyobonyea, na kwa kuwa ala ilikuwa imegusana na pembe hiyo ndani, nayo ikabonyea. Akaongeza mbawa zinazokunjwa mara mbili kwenye ncha zote mbili za katoni, zikaacha nafasi tupu kati ya kona ya katoni na kona ya ala. Alipoangusha upya, katoni iliumia peke yake, na kazi ya katoni ni hiyo.

Kilichobaki

Katika kutathmini, uzito mkubwa niliuweka kwenye toleo la pili pamoja na ala yake iliyoachia kona, nikamshauri avipige picha na kuviweka kwenye potifolio sambamba na toleo la tatu, pamoja na vile vipande viwili vilivyochanwa. Alikuwa amepanga kuonyesha kazi iliyokamilika tu, juu ya mandhari nyeupe. Mwajiri anayetengeneza vitabu au vifungashio ataziona picha nzuri kila siku. Kijana anayeweza kusema kwa nini jalada lilipinda kwa mshazari hamwoni kila siku.

Kasoro moja haijapona. Uzi unaoshika jalada hupita kwenye tundu lililotobolewa milimita 5 kutoka ukingoni, na baada ya kitabu kufunguliwa na wasomaji wengi wa majaribio, tundu la juu la jalada la mbele limeanza kutanuka. Kadibodi inatafunwa kidogokidogo na uzi ulionyooka kwa nguvu. Kwa nakala inayofuata matundu yatakaa milimita 8 kutoka ukingoni, yatatobolewa kwa mshazari kuelekea mgongoni, na kuta zake zitapakwa gundi nyepesi na kuachwa zikauke kabla ya kushona. Uzi nao utaongezwa mzunguko wa pili kwenye tundu la juu na la chini, ingawa hilo litaongeza unene mgongoni, na ala itabidi ipimwe tena.